Mwenye pumu ajiandae kabla salfa haijaanza kupulizwa

Kuanzia Juni hivi, mashine za kupuliza salfa, unga wa kuua ukungu, hunguruma mikoroshoni Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, alfajiri umande ungali majanini. Vumbi lile hukereta mirija ya hewa, na mwenye pumu akingoja hadi asikie mashine, amechelewa.

Inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa kifuani, ziko mbili. Ile ya bluu, salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija kwa dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita imekwisha nguvu. Uvimbe wenyewe ndani ya mirija haiugusi. Ile ya kahawia, beklometasoni, huingia ndani ya seli na kuzizima jeni zinazochochea uvimbe, kazi ya siku hadi wiki kadhaa. Ndiyo maana wengi huitumia siku mbili, hawaoni nafuu, wakaiweka kando. Itumike kila siku tangu Mei, kwa kipimo alichoandika daktari, hata kifua kikiwa chepesi.

Picha kamili ya damu ikionyesha eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, 300 au zaidi kwa mikrolita, mara nyingi ni uvimbe unaoitikia dawa ya kahawia. Lakini minyoo na matende nayo huipandisha hesabu, na vidonge vya predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, huishusha. Daktari aambiwe yote hayo kabla hajasoma majibu.

Bila chupa ya kupitishia dawa kati ya inhela na mdomo, dawa nyingi huishia kooni. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Kunja waya ufuate umbo la mdomo wa inhela, upashe moto, toboa kitako cha chupa, uchomeke inhela humo. Pembeni pakivuja, ziba kwa plasta. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe: ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na dawa hunata humo humo.

Tikisa inhela, bana midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja tu, kisha vuta na toa pumzi polepole mara tano. Subiri nusu dakika, tikisa, rudia. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji maski. Baada ya kahawia, sukutua uteme, la sivyo utando mweupe huota mdomoni.

Mgonjwa akibanwa kifua, mketishe wima, mpe bluu mipulizo minne hadi kumi, mmoja mmoja, urudie kila dakika 20. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, pelekeni hospitali papo hapo, na chupa iendelee kutumika njiani.