Somo: Kutunga kwa lupu tatu zisizolingana

Lupu ni kipande cha sauti kinachojirudia bila kukoma. Huhitaji kujua kusoma noti. Simu inayorekodi na programu ya kuhariri sauti yenye njia (track) tatu au zaidi vinatosha. Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri, hakuwa hata na hivyo: mwaka 1944, Kairo, alirekodi sherehe ya zaar (ibada ya kutuliza pepo) kwa kinasa sauti cha waya, kisha akaichuja studioni na kuiongezea mwangwi. Kazi ile bado inasikilizwa.

1. Rekodi sauti tatu, kila moja fupi: noti moja ya filimbi, mtu akivuta irabu, bakuli la chuma likigongwa. Acha ukimya mrefu baada ya kila sauti. Ukimya huo usiuondoe, utauhitaji.

2. Kata lupu, kila sauti pamoja na ukimya wake, ziwe za sekunde 17, 19 na 23. Hapa ndipo penye utunzi wenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Ukikata 16, 20 na 24, zote zitaanza tena pamoja kila baada ya dakika 4, na sikio litachoka. Kwa 17, 19 na 23 zitakutana tena baada ya saa 2, dakika 3 na sekunde 49. Katikati yake sauti zilezile zinapishana kila mara kwa namna mpya. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alitumia lupu za urefu tofauti hivi kwenye albamu yake ya 1978, Music for Airports.

3. Kama lupu inatoa "tak" inapoanza upya, fifisha mwanzo na mwisho wake kidogo tu.

4. Jukwaani, piga kwa vidhibiti vya sauti: ingiza lupu moja, iache izoeleke, ndipo ulete ya pili. Miangwi ya programu iache kwanza, kwa maoni yangu inaficha uzuri wa kupishana.

MASWALI

Swali: Mwalimu, zangu zikikutana zinakwaruza masikio. Nizilazimishe kufuata mdundo mmoja?
Jibu: Hapana, utaua kila kitu. Badilisha noti, si muda. Chukua zote kwenye skeli (ngazi ya noti) moja ya noti tano, ukwaruzaji utapungua sana.

Swali: Samahani, ila kama hesabu ndiyo inaamua, mtunzi ni nani?
Jibu: Ni wewe, ndugu yangu. Mwaka 1965 mtunzi Mmarekani Steve Reich aliwasha mashine mbili zenye lupu ileile, zikaanza kuachana polepole. Mashine ziliachana zenyewe, lakini yeye ndiye aliyesikia kwamba huo ni muziki, akaujenga.

Swali: Nina rafiki mpiga ngoma. Ataingiaje?
Jibu: Asihesabu. Apige kwenye ukimya tu, na anyamaze mara lupu mbili zinapolia pamoja. Fanyeni mazoezi bila kutazama skrini, kwa sababu akiiona ataitegemea na hatasikiliza sana. Mwisho mkubaliane mapema: wewe unashusha lupu moja moja, yeye anabaki peke yake mpaka aamue kuacha.