SOMO: Kuzisoma seting za i3 pale maelezo yake yanapokuchanganya

Asalaam aleikum. Nawaona wengi mnakopi mistari kutoka konfigi (faili za seting) za watu za i3, ile programu ya Linux ya kupanga windo kwenye skrini, hata hamjui inafanya nini, mtu akiulizwa anasema maelezo hayaeleweki. Kweli yamebanwa mno, lakini yanasomeka ukishazijua alama zake.

Kwanza usimalize bando. Ukiinstoli i3 kwenye Debian kitabu chote kinakuja nayo, fungua userguide.html ndani ya /usr/share/doc/i3-wm usome hata umeme umekatika na mnara haupo, alimradi betri inakaa.

Pili, ndo penye kazi. Humo kila seting ina umbo juu (Syntax) na mfano chini (Example), wewe anza na mfano kisha ndo upande juu. Kule juu alama < > maana yake weka chako, alama zenyewe huziandiki, | ni chagua kimoja, mabano ya mraba ni hiari. Kwa hiyo ukikuta default_border pixel <px> wewe unaandika default_border pixel 3, basi. Sasa mtego wake, kwenye for_window, seting ya kuipa amri windo fulani tu, mabano ya mraba ni ya kweli na lazima uyaandike:

for_window [class="mpv"] floating enable

Hapo ndo wengi wanakwama wallahi. Mie nnavyotofautisha, mabano yakiwemo mpaka kwenye mfano yaandike, yakiwa kwenye umbo tu ni hiari.

Tatu, jina la windo usikisie. Andika xprop kwenye terminali, kisha bonyeza windo unayoitaka, utafute WM_CLASS. Majina yatakuja mawili, la pili ndo class, na herufi kubwa na ndogo inazitofautisha.

Nne, andika i3 -C ikukagulie faili, ikiwa safi bonyeza $mod+Shift+c kuriload.

MASWALI

– Mwalimu samahani, hichi kitufe cha $mod kiko wapi? Kibodi yangu sikioni.
Hukioni kwa sababu ni jina tu, limewekwa juu ya faili, tafuta set $mod. Ikiwa Mod4 ni kile chenye alama ya Windows, Mod1 ni Alt.

– Sheikh nimeandika exec (mstari wa kuwasha programu) ya feh, programu ya picha, kubadilisha picha ya nyuma, nnariload weee, picha ile ile.
exec inafanya kazi unapoingia tu. Weka exec_always, halafu uristati kwa $mod+Shift+r, maana kuriload hakuigusi hata hiyo. Hili wangeliandika kwa herufi nene.

– Kaka mie xprop ukibonyeza windo nyengine haitoi kitu kabisa, na konfigi ni hii hii.
Basi uko kwenye Sway wewe, si i3. Konfigi zinafanana sana ila Sway ni ya Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha windo, na xprop ni ya mfumo wa zamani, X. Andika swaymsg -t get_tree, utafute app_id ya hiyo windo, kisha kwenye mabano uandike app_id= na jina lake badala ya class=.