Fomu ya Google ijifunge na kujifuta yenyewe: kwanza elewana na saa

Mama mwenyekiti wa kikundi cha wauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, alinipigia: "Mwanangu, mbona fomu bado inaandikisha watu na mgao tumeshagawana?" Humo mlikuwa na majina, simu na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za wanachama wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitaki vitu hivyo vikae baada ya kazi yake kuisha. Tumia kompyuta; kwa simu utajuta.

1. Fungua fomu, bofya vidoti vitatu juu kulia, ingia Apps Script, sehemu ya kuandikia programu ndogo. Futa kilichomo, bandika:

```
function fungaFomu() {
  FormApp.getActiveForm().setAcceptingResponses(false);
}
function futaFomu() {
  var id = FormApp.getActiveForm().getId();
  DriveApp.getFileById(id).setTrashed(true);
}
```

Hifadhi. Viongezo vya bure vya kufunga fomu vipo tele, ila mimi simpi mgeni funguo za Drive yangu (ghala la mafaili yangu Google) kwa kazi ya mistari saba.

2. Saa. Hapa nilipigwa chenga mara mbili.

Mama alisema fomu ifungwe saa kumi na mbili jioni, nami nikaandika 12:00. Ikajifunga saa sita mchana, wenzake wakiwa bado juani wanageuza dagaa. Kompyuta haijui saa zetu: saa 12 jioni ni 18:00, saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ndiyo mtego kabisa, kwa sababu 00:00 tayari ni tarehe ya kesho. Ukitaka siku iishe, andika 23:59 ulale salama.

Mara ya pili niliandika 18:00 sawasawa, asubuhi nakuta watatu wamejiandikisha usiku. Kumbe mradi wa Apps Script ulikuwa unafuata saa za New York! Majira yao ya joto wako nyuma yetu saa 7, hivyo 18:00 yao huku Mwanza ni saa saba usiku. Kabla ya hatua ya 3, bofya alama ya gurudumu lenye meno kushoto, uchague saa za Afrika Mashariki (GMT+03:00). Mwanza haimo kwenye orodha, usiitafute.

3. Bofya alama ya saa kushoto, tega fungaFomu kwa tarehe maalumu, mfano 2026-03-14 18:00, na futaFomu wiki mbili mbele. Google itakutisha kwamba programu haijathibitishwa. Umeiandika mwenyewe, endelea.

4. Jaribu kwanza kwenye nakala ya fomu.

5. Fomu iliyofutwa hukaa siku 30 kwenye pipa la Drive ndipo ipotee. Shiti ya majibu ni faili jingine na haiguswi kabisa, na namba za NIDA ziko humo! Yetu niliifuta kwa mkono, mama akiwa pembeni na daftari lake limeshajazwa. Ndipo akakumbuka kwamba mhazini aliirusha kwenye grupu la WhatsApp. Tukampigia.