Michamvi hadi Kizimkazi kwa miguu (soma mpaka mwisho ndiyo uulize)

Kila nikitia picha ya pwani hii ya Unguja, naletewa suali lile lile: "Njia inapita wapi?" Basi naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrejesha hapa.

1. Siku tatu. Michamvi hadi Paje, Paje hadi Jambiani, kisha Jambiani hadi Makunduchi na kumalizia Kizimkazi Dimbani. Ukifuatana na watoto, fanya nne.

2. Kutoka mjini panda gari ya Bwejuu. Hapo mpaka Michamvi, bodaboda.

3. Kofia, maji, viatu vya kufunga. Ndara ziache nyumbani.

4. Bahari. Hapa ndipo nilipoumbuka mimi, na nimekulia pwani. Wiki moja nilipita kusini ya Jambiani saa tisa alasiri, pwani kavu, nikatembea kama niko Forodhani. Wiki ya pili nikatoka saa ile ile na binamu yangu, nikimwambia "mie njia hii naijua." Nimesahau kwamba maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa siku saba ni karibu saa sita. Kwa hiyo pale palipokauka wiki iliyopita, sasa palikuwa panajaa. Na lilikuwa bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida! Kule mchanga unakatika, unabaki ukuta wa mawe makali kama msasa. Tulipanda juu ya jabali, maji yanapiga miguuni, simu ya binamu ikaenda na wimbi. Tulishuka magharibi, magoti yanachuruzika damu, na mpaka leo ananidai simu.

Kwa hiyo tizama mwezi mwandamo. Karibu na tarehe mosi na tarehe 15 ni bamvua: maji yanapwa sana kama saa nne asubuhi, yanajaa kama saa kumi jioni. Toka saa mbili, na saa saba uwe umeshapita mawe. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa zinageuka, asubuhi ndiyo yanajaa. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi. USIULIZE mapokezi ya hoteli.

5. Usikanyage kamba za mwani. Zile ni shamba la mtu, na toka mwaka 1989 zimesomesha watoto wengi Paje na Jambiani. Ukivaa kaptura, jifunge kikoi unapoingia kijijini.

6. Makunduchi mpaka Kizimkazi fuata barabara. Msikiti wa Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Omba ruhusa, vua viatu.

MASUALI

Kijana wa Mbweni: Kaka, naweza kuanza saa nane mchana Jambiani? Asubuhi nalala.
— Soma namba 4.

Kijana wa Mbweni: Nimesoma, lakini mimi naogelea vizuri.
— Binamu yangu pia anaogelea. Shida ni mawe, si kuogelea. Lala, kisha panda gari.

Bint Wete: Shikamoo. Nilisikia zamani upande huo ulikuwa kama nchi nyengine. Kweli?
— Marahaba mwanangu, suali zuri. Mpaka wenyewe utauona ukiwa ndani ya gari. Ukitoka mjini ni udongo mzito, minazi na miembe. Ukishapita Jozani ni maweni, na mkulima analima kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe. Zama za Sultani Sayyid Said mikarafuu ilishika ardhi nzito ya magharibi, huku Wahadimu, wenyeji wa mashariki na kusini, wakibaki na mtawala wao, Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga. Wa mwisho alifariki 1873. Simama Dunga ulione gofu la jumba lake, halafu tizama udongo wa pande zote mbili. Wa kwetu si wa kugombewa na mtu!

Mama Nassor: Mapaja yakisuguana, mafuta ya nazi kabla ya kutoka. Poda inaganda na jasho.
— Ahsante dada, hilo nililisahau kabisa.

Bint Wete: Na miiba ya baharini ikikuchoma?
Mama Nassor: Papai bichi, utomvu wake. Usichokoe kwa sindano, itakatikia ndani.

Kijana wa Mbweni: Gari ya mwisho kutoka Makunduchi saa ngapi?
— Muulize konda ukiwa unakwenda.