Ndege ya Rimoti ya Kwanza kwa Upepo wa Mombasa

Itakayokuvutia kwanza ni ile ya kivita: mabawa mafupi chini ya tumbo, rangi ya jeshi. Iache. Ikilala upande hubaki imelala mpaka uirudishe mwenyewe, na mwanagenzi huwa hajajua airudishe vipi. Ya kuanzia ni yenye bawa juu ya mwili, ncha zake zimeinuka kidogo mithili ya V iliyopanuka. Hiyo ukiachia vijiti, bawa lililoshuka hupata mnyanyuo zaidi, nayo hujiweka sawa taratibu.

Hapa Mombasa ukubwa ni suala la upepo. Vile vindege vya sentimita 50 ni vya ukumbini. Upepo wa baharini wa saa sita mchana utavichukua kama mfuko wa plastiki. Tafuta upana wa mabawa wa mita 1.1 hadi 1.4, uzito kati ya gramu 700 na 1,200. HobbyZone AeroScout S na Multiplex EasyStar ni mifano mizuri, na zote mbili zina propela nyuma ya bawa. Hilo si pambo. Ndege ikitua kwa pua mchangani, na itatua hivyo mara nyingi, propela na mota husalimika.

Mwili uwe wa foamu ya EPO, ile inayobonyea badala ya kupasuka. Ikivunjika huungwa kwa supa gluu ya kawaida. Foamu nyeupe ya kufungashia televisheni ni kitu kingine kabisa: supa gluu huiyeyusha, kwa hiyo hiyo gundisha kwa epoksi. Gluu ya moto ya bunduki iepuke. Ukiacha ndege kwenye buti ya gari juani, hulegea na mkia ukapinda bila wewe kujua.

Chukua rimoti ya chaneli 4: kasi, usukani, pezi la mkiani la kupanda na kushuka, na mapezi ya bawani. Ya chaneli 3 ni rahisi kujifunzia, ila upepo ukikupiga ubavuni utatamani mapezi ya bawani. Kama bei inaruhusu, nunua yenye jairo ya kusaidia kusawazisha. Kwenye upepo wetu hiyo si anasa.

Soma boksi kabla ya kulipa. RTF ina rimoti, BNF haina rimoti, PNP haina rimoti wala kipokezi. Na hata RTF nyingine huuzwa bila betri na chaja! Uliza pia propela za akiba. Nunua 3, kwa maana hata iliyo nyuma ya bawa siku moja huvunjika.

Betri ya kawaida kwa ukubwa huu ni LiPo (aina ya lithiamu) ya seli 3, volti 11.1, mAh 2200. Ikijaa huwa volti 12.6. Tua ingali na volti 3.7 hivi kwa kila seli. Mwanzoni weka saa ya simu ilie dakika ya 7. Ichaji kwa ampea 2.2, juu ya sakafu ya vigae, wewe ukiwepo. Usipoitumia kwa siku kadhaa iache kwenye volti 11.4, mahali penye kivuli, kwani ikikaa imejaa kwenye joto letu huvimba. Iliyovimba haichajiwi tena. Kuhusu kuagiza: tangu 2016 betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kuwa mizigo kwenye ndege za abiria, ndiyo maana wauzaji wengi wa nje hukataa kuzituma. Ulizia hilo kabla hujalipia ndege.

Kabla ya kununua, waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali na usajili. Usirushe karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, bandari ya Kilindini wala kambi ya jeshi la maji Mtongwe. Ufuo wa Pirates siku ya Jumapili nako hapafai. Watoto ni wengi kuliko mchanga. Omba uwanja wa shule siku isiyo ya masomo, usiopungua mita 100 kwa 60, au ufuo mtupu maji yakipwa.

Rusha kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka. Juni na Julai, kusi ikikaza, siku nyingi hazifai kabisa kwa mwanagenzi.

Kosa linaloua ndege nyingi hutokea kabla haijaondoka mkononi: betri imesukumwa nyuma mno. Ishike chini ya bawa kwa vidole viwili, kwenye alama iliyotajwa kitabuni. Mara nyingi alama hiyo huwa robo hadi theluthi ya umbali wa kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi ukingo wake wa nyuma. Ikiinamisha pua kidogo, sawa. Ikiinamisha mkia, sogeza betri mbele, la sivyo itapanda kama roketi, ikose mwendo, idondoke. Kisha tikisa vijiti uone kila pezi linakwenda upande wake.

Tia kasi robo tatu, rusha bapa ukielekea upepo, usiielekeze juu. Panda hadi mita 30 hivi ndipo ukate kona, ukibaki daima upande wa joshi, unakotoka upepo. Ikikupita upande wa demani, unakokwenda upepo, kuirudisha kutamaliza betri. Ikija ikikutazama, kushoto na kulia hugeuka. Sukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, nayo itanyooka.

Kunguru wakianza kuifuata, tua. Ikinasa mnazini, zima rimoti mwisho, ukishaishusha na kuchomoa betri, usije ukamponza mkwezi kwa propela. Ikirudi kutoka ufuoni, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, viungo vya sevo (vimota vinavyosogeza mapezi) kwanza.