Kabla Hujajaza Udongo Nyuma ya Ukuta

Wenye viwanja vya mteremko hapa Dodoma huniuliza kwanza unene wa ukuta wa kuzuia udongo. Nami huwauliza: nyuma yake utajaza nini, na maji ya mvua yatatokea wapi? Unene tunaujua baada ya hapo.

Udongo husukuma kwa ubavu. Juu kabisa msukumo ni sifuri, kisha unaongezeka kadiri unavyoshuka. Nguvu yote ikijumlishwa hukaa kwenye theluthi ya kimo kutoka chini. Ukuta unaoweza kuinama nje kidogo hupata nafuu, kwa kuwa udongo huanza kujishikilia wenyewe. Uliobanwa usisogee, kama wa chumba cha chini kilichofungwa kwa slabu, haupati nafuu hiyo. Kwa mchanga wa kawaida, ukuta wa kwanza upigie msukumo wa theluthi ya uzito wa udongo ulio juu ya kina hicho, wa pili nusu.

Chukua ukuta uliobanwa wa mita 2, na mchanga wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo. Chini kabisa msukumo ni 0.5 × 1.8 × 2, yaani tani 1.8 kwa mita ya mraba. Zidisha kwa kimo, gawanya kwa 2: tani 1.8 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Kimo kikifika mita 4, nguvu inakuwa mara nne, na ile ya kupindua mara nane. Hapo mwite mhandisi.

Maji ndiyo yananitia hofu zaidi. Mwaka mzima ni vumbi, halafu kati ya Desemba na Aprili mvua inashuka kwa kishindo. Yakijaa nyuma ya ukuta ule wa mita 2, maji peke yake yanasukuma tani 2 kwa kila mita, na udongo bado upo. Acha matundu ya bomba karibu na usawa wa ardhi ya mbele, nyuma yake weka kokoto na kitambaa cha kuchujia.

Udongo mweusi wa mbuga usiujaze kabisa, ukilowa unavimba. Lowesha konzi moja, uvingirishe kiganjani: ukitoa uzi mwembamba usiokatika, utupe. Mchanga mnene wa korongoni unafaa. Shindilia kwa tabaka za sentimita 20, na mita ya karibu na ukuta tumia kishindilio cha mkono, maana mashine nzito nayo inasukuma.

Ukimaliza, usiruhusu Fuso imwage tofali juu ya ukingo. Tani 1 kwa kila mita ya mraba hapo inauongezea ukuta huu uliobanwa msukumo wa nusu tani kwa mita ya mraba, kuanzia juu hadi chini.