Namna ya kuandika maelezo ya zana kwa ajenti wa AI anayeshika akaunti ya matangazo

Ajenti wa akili mnemba haoni msimbo ulioandika. Kabla ya kuita zana (kazi ya msimbo aliyoruhusiwa kuiendesha) anasoma jina lake, maelezo yake na orodha ya parameta, yaani taarifa ambazo zana hupokea, basi. Ndivyo ilivyo hata kwenye MCP, itifaki ya kuunganisha ajenti na zana iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Ukiandika "Hubadili bajeti" ukaishia hapo, hajui zaidi ya hapo, na pesa anayoigusa ni ya mteja. Hapa Dodoma nawahudumia wenye gesti na wauzaji wa mvinyo na juisi ya zabibu. Bajeti zao ni shilingi elfu kumi, elfu kumi na tano kwa siku. Sifuri moja ikizidi, pesa ya siku kumi inaweza kuondoka kwa siku moja.

Hatua ya 1: Tenga kusoma na kubadili

Usiweke zana moja ya "simamia kampeni". Weka `soma_matokeo`, `badili_bajeti_ya_siku`, `sitisha_kampeni`, kila moja na kazi yake. Zana ya kusoma ianze na maneno haya: "Husoma tu, haibadili chochote."

Hatua ya 2: Taja ngazi inayoguswa

Meta (Facebook na Instagram) ina kampeni, seti ya matangazo, kisha tangazo. Google Ads ina kampeni, kundi la matangazo, kisha tangazo. Kwa Meta bajeti inaweza kukaa kwenye kampeni au kwenye seti, kwa hiyo sema zana yako inagusa ipi. Taja pia namba ya utambulisho inatoka wapi: "Pata namba ya kampeni kutoka `orodhesha_kampeni`. Usiibuni."

Hatua ya 3: Andika kipimo cha pesa

Hapa usiharakishe. API ya Google Ads, yaani njia ambayo msimbo wako huwasiliana na mfumo huo, huhesabu pesa kwa sehemu za milioni: shilingi 15,000 huandikwa 15000000000. Meta hupokea bajeti kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu ya akaunti, hivyo kwenye akaunti ya dola, 5000 maana yake ni dola 50. Ukimwachia ajenti hesabu hizi, iko siku atakosea. Mimi naona hesabu ifanywe na msimbo, ajenti apokee shilingi za kawaida. Linganisha:

Dhaifu: "Hubadili bajeti. Parameta: kiasi."

Imara: "Hubadili bajeti ya siku ya kampeni MOJA ya Google Ads. `kiasi_tsh` ni shilingi za Tanzania, namba nzima bila mkato, mfano 15000. Ni bajeti mpya yote, si nyongeza. Tumia pale tu mwenye akaunti ametaja kiasi. Akisema 'ongeza kidogo' bila kutaja kiasi, muulize kwanza. Hurudisha bajeti ya zamani na mpya."

Sentensi ya "si nyongeza" usiiache. Mteja akisema "ongeza elfu tano" kwenye bajeti ya elfu kumi, bila sentensi hiyo ajenti anaweza kuishusha ikawa elfu tano.

Kikomo cha juu kiweke kwenye msimbo pia. Maelezo humwongoza ajenti, hayamzuii.

Hatua ya 4: Sema kisichorudi

Kampeni iliyofutwa kwenye Google Ads haiwashwi tena, iliyositishwa huwashwa. Ushauri wangu: usimpe ajenti zana ya kufuta kabisa. Kwenye `sitisha_kampeni` andika: "Tumia hii mteja akisema zima, ondoa au simamisha tangazo. Kampeni inaweza kuwashwa tena."

Hatua ya 5: Saa na tarehe

Mwenye gesti anayewatafuta wageni wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, atakuambia "lianze saa mbili usiku". Zana inataka 20:00. Andika hivyo kwenye parameta: "Saa 24, majira ya Africa/Dar_es_Salaam. Saa mbili usiku ni 20:00, saa mbili asubuhi ni 08:00. Mteja asipotaja asubuhi au usiku, uliza." Akaunti nyingine zimewekewa majira ya nchi nyingine, kwa hiyo msimbo uyasome kwenye akaunti yenyewe kabla ya kutuma.

Hatua ya 6: Eleza namba zinazorudi

Google Ads inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku kwa siku moja, ingawa kwa mwezi haivuki bajeti hiyo mara 30.4. Ajenti asiyeambiwa hili ataona shilingi 19,000 kwenye bajeti ya 10,000, adhani kuna hitilafu, asitishe kampeni inayouza. Liandike kwenye `soma_matokeo`, na uongeze kwamba namba za leo bado hazijakamilika.

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo. "Kosa 400" haumsaidii. Huu unamsaidia: "150000 imezidi kikomo cha 30000 cha akaunti hii. Usijaribu tena, muulize mwenye akaunti."

Hatua ya 7: Jaribu kwa maneno ya wateja

Tumia akaunti ya majaribio, au kampeni zilizositishwa. Chukua jumbe za wateja kama zilivyo: "zima ile ya juisi mpaka Jumatatu", "weka elfu ishirini", "mbona leo imekula hela nyingi?" Mwambie ajenti ataje zana atakayoita na parameta zake bila kuziendesha. Akichagua vibaya, rekebisha maelezo, usirekebishe ujumbe wa mteja. Akichanganya zana mbili, andika kwenye kila moja lini isitumike na itumike ipi badala yake, kisha rudia jumbe zote, maana sentensi inayoponya zana moja inaweza kuvuruga ya jirani.